Darasa la Bibi: Kujenga Shule ya Mtandaoni Pasi na Kuwa Fundi wa Kompyuta



Wasomaji wetu watukufu, juma hili barua yangu yawajia kutoka Kanyakine, Imenti Kusini, katika kaunti ya Meru, ambako mimi mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, nasomesha Kiswahili kwa mwaka wa tisa sasa. Huku asubuhi huja na ukungu utokao upande wa Mlima Kenya, migomba na mikahawa imeizunguka nyumba, na jirani akikupitia hukwambia "Muga" kabla ya lolote. Ni mbali na bahari. Lakini nitakayowasimulia leo yalianza Pwani, yakapitia Muscat, na kuishia mezani pangu hapa, baina ya madaftari ya wanafunzi na kikombe cha chai.

Mama yangu yuko Mombasa. Ana wajukuu saba walio nje ya nchi: watano Muscat, wawili Uingereza. Mwaka juzi, siku ya Idi, kaka yangu alipiga simu na kumpa mwanawe azungumze na bibi yake. Mtoto ana miaka tisa. Alitoa salamu vizuri, kisha mama akamwuliza amekula nini na nguo yake ni ya rangi gani. Kimya. Mtoto akajibu kwa Kiarabu maneno mawili, kisha kwa Kiingereza matatu, na mama hakuyafahamu. Aliishika simu kitambo, akanirudishia, akasema, "Huyu mtoto ni wetu, lakini hatuna njia ya kufikiana." Hakulia wala hakulaumu mtu. Aliinuka akaenda kupakua biriani. Mimi ndiye niliyekosa hamu ya kula.

Niliporudi Kanyakine nilikata shauri kwamba wajukuu wale watasoma Kiswahili, na mwalimu wao atakuwa bibi yao. Nilitaka shule ya mtandaoni. Tatizo ni kwamba sijui kuandika programu ya kompyuta hata mstari mmoja.

Kosa langu la kwanza nalitaja wazi ili msilirudie. Nilimtafuta kijana aliyesifiwa kwa ufundi, nikamlipa shilingi 18,000 anijengee tovuti. Akanijengea. Ilikuwa na picha ya jahazi, rangi za kupendeza, na kitufe kilichoandikwa "Jiunge Sasa". Ndani hamkuwa na somo hata moja, kwa sababu sikuwa nimeandika somo hata moja. Nywila alikuwa nazo yeye. Mwaka ulipotimu, ada ya anwani haikulipwa, simu yake haikupatikana, na shule ikatoweka na jahazi lake. Nilinunua mlango kabla ya kujenga nyumba, na ufunguo nikamwachia fundi.

Baada ya hapo nilitulia na kutazama wenzetu walifanyaje. Nimeona kwamba wengi walioanzisha elimu ya aina hii walianza kwa kuona mtoto aliyekwama, na kompyuta ikafuata baadaye. Jirani zetu Tanzania, matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa mapema 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamefeli. Mwaka huohuo Faraja Nyalandu, ambaye taaluma yake ni sheria, akaanzisha Shule Direct ili wanafunzi wa sekondari wapate masomo kwa tovuti na kwa simu. Hapa Kenya, Eneza Education walipeleka masomo kwa ujumbe mfupi wa simu, kupitia huduma iitwayo Shupavu 291, kwa kuwa mtoto wa kijijini huenda asiwe na simu ya kisasa ilhali kuna kitochi cha baba nyumbani. Waliuliza mwanafunzi ana nini mkononi, wakaanzia hapo.

Hata Moodle, programu huria inayotumiwa na vyuo vikuu vingi duniani kuendesha masomo, ina asili ya namna hii. Mwasisi wake, Martin Dougiamas, alilelewa jangwani Australia Magharibi, mahali pa mbali mno na miji, na masomo yake ya utotoni aliyapata kwa redio. Toleo la kwanza la Moodle lilitoka 2002, na hadi leo mtu yeyote aweza kulichukua bila malipo. Tena nasi hatujasahau Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, na wanafunzi walio wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021. Walimu tuliokuwa hatujawahi kufundisha ila kwa chaki tulijikuta tukituma masomo kwa WhatsApp. Hakuna aliyetuuliza kama tunajua kuandika programu.

Basi nilianza upya, mara hii kwa daftari. Nilijiuliza swali moja: mtoto akimaliza, ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi? Jibu nililiandika juu ya ukurasa: "Azungumze na bibi kwa dakika 5 bila mkalimani." Kutoka hapo nilirudi nyuma, nikapata masomo 12: salamu na heshima, majina ya jamaa, chakula, nguo, nyumba, safari, hali ya hewa, afya, sokoni, Idi, vitendawili, na hadithi. Kila somo nililipa maneno kumi, mazungumzo mafupi, na zoezi moja. Kazi hii ilinichukua miezi miwili, na haikunigharimu ila kalamu.

Kisha nikaorodhesha vyumba vya shule yoyote ya mtandaoni. Ukivichambua, ni vitano tu: mahali pa kuweka masomo, orodha ya wanafunzi, mazoezi na masahihisho, uwanja wa kuulizana, na, kama kuna ada, mahali pa kuipokea. Kila chumba kina kifaa kilichokwisha kutengenezwa na wengine. Masomo niliyaweka katika kabati la Google Drive. Mazoezi niliyatunga kwa fomu za Google, ambazo husahihisha zenyewe maswali ya kuchagua jibu. Uwanja ukawa kundi la WhatsApp la wazazi. Orodha ya wanafunzi ilikuwa ukurasa mmoja wa daftari. Ada hapakuwa. Kujenga vyote hivyo kulinichukua siku mbili za mwisho wa juma.

Mwenye wanafunzi thelathini au arobaini aweza kupanda daraja ya pili, atumie Google Classroom, iliyoanza 2014, ambayo hukusanya masomo, kazi na maksi mahali pamoja. Mwenye mamia, na anayetaka vyeti na mitihani, ndiye afikirie Moodle. Lakini afahamu kwamba programu ni bure ila nyumba ya kuiweka si bure: seva hukodiwa, na lazima awepo mtu wa kuitunza. Wengi wetu hatuhitaji daraja hiyo, na wengi huanguka kwa kuanzia huko juu.

Likabaki jambo gumu kuliko yote: sauti ya mama. Nilimweleza, akakataa. "Sauti yangu itembee duniani, isikilizwe na nisiowajua?" Nilimsihi, nikamwahidi kwamba hakuna picha yake, na rekodi hazitatoka nje ya jamaa bila idhini yake. Akakubali kwa sharti hilo, na sharti hilo nimelishika. Hili si suala la haya peke yake. Hata sheria yetu ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto. Basi watoto wetu waliingia kwa simu za wazazi wao, na sikuomba chochote zaidi ya jina la nyumbani na umri. Anayefungua shule ya mtandaoni amepewa amana mbili, elimu na watu, na amana huulizwa.

Mama alirekodi kwa simu yake mwenyewe, akiwa chumbani na dirisha limefungwa, kabla ya muadhini wa alasiri. Nilichagua sauti badala ya video kwa sababu za hesabu. Ujumbe wa sauti wa dakika 5 huchukua kama megabaiti 1 au 2. Video ya dakika hizohizo yaweza kula 30 na zaidi. Huku kwetu mvua ikinyesha mtandao huenda kwa kusuasua. Na kule Muscat, kwa miaka mingi simu za WhatsApp zimekuwa zikizuiliwa, ilhali ujumbe wa sauti hupita. Kile tulichodhani ni umaskini wa vifaa ndicho kilichotufikisha.

Siku ya darasa nayo ilitaka busara. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, na mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi. Kwetu Ijumaa ni siku ya kazi. Uingereza wako nyuma yetu kwa saa mbili au tatu kulingana na majira. Tukakubaliana: somo hutumwa Jumamosi asubuhi, na kila mtoto hujibu kwa wakati wake kabla ya Jumapili usiku.

Je, tulifaulu? Nitasema kweli. Masomo matatu ya kwanza yalikwenda kwa furaha. La nne, watoto watano kati ya saba hawakujibu. Nililaumu uvivu wa watoto wa ughaibuni, hadi shemeji yangu aliponiambia kwa upole, "Wifi, somo lako ni dakika 20. Hata mimi nililala." Nililipasua vipande vitano vya dakika nne nne. Wanne wakarudi. Walimaliza masomo yote 12 watoto wanne; wawili wangali njiani; na mmoja, kijana wa miaka kumi na mitano, alikataa tangu mwanzo na bado amekataa. Hakuna programu inayoweza kumlazimisha, nami sijaona kama ingefaa.

Kuna faida nisiyoitarajia. Binti wa jirani yangu hapa Kanyakine, Mmeru asiyewahi kuiona bahari, alikuwa akija jioni kunisaidia kujaribu mazoezi kabla sijayatuma. Kiswahili chake ni kizuri, cha shuleni. Siku moja akauliza, "Mwalimu, khaloo ni nani?" Nikampelekea mama swali lile. Mama akajibu kwa ujumbe wa dakika saba: khaloo ni dada wa mama, ami ni ndugu wa baba, na kwa nini mtu haiti wote "anti" tu. Ujumbe ule sasa ndio somo la pili, na la zamani nimelifuta. Mgeni aliuliza swali ambalo sisi wenyeji hatukujua kwamba linahitaji jibu.

Sasa jamaa wengine wanataka watoto wao waingie, na wengine wananishauri nitoze ada kwa M-Pesa. Ada kwa kazi halali si aibu. Mwalimu naye hula. Lakini uamuzi si wangu peke yangu, kwa kuwa sauti ni ya mama. Nimemwachia afikiri.

Kwa msomaji mwenye elimu yake, awe fundi cherehani, mpishi wa halua, nahodha mstaafu au mama ajuaye kusuka ukili, nasema haya. Andika masomo kwanza, mlango baadaye. Anza na wanafunzi watano unaowajua kwa majina, uwasomeshe hadi mwisho, ndipo uongeze. Tumia kifaa ambacho wanafunzi wako tayari wanacho. Nywila ziwe zako, zimeandikwa mahali, na mtu mmoja mwaminifu wa nyumbani azijue. Weka nakala ya kila somo nje ya mtandao. Zangu ziko katika flashi mbili, moja Kanyakine na moja kabatini kwa mama. Usimlipe mtu akujengee kitu ambacho huwezi kukieleza kwa maneno yako mwenyewe. Na usingoje hadi upate vifaa bora, kwa maana vifaa hungoja, wazee hawangoji.

Jumamosi iliyopita yule mtoto wa miaka tisa, ambaye sasa ametimu kumi na moja, alimtumia bibi yake ujumbe bila kuagizwa na mtu. Alisema, "Bibi, kitendawili." Kisha akanyamaza, kama alivyofundishwa, angoje aambiwe "tega". Hakujua kwamba ujumbe wa sauti haungoji. Mama alimjibu "Tega!" kwa sauti kubwa mno hata simu ikakwaruza, na kitendawili kikafika baada ya saa nzima, mtoto alipotoka chuoni. Kilikuwa ni cha nyumba isiyo na mlango. Mama amekijua jibu lake kwa miaka sabini. Alitwambia sote tusimjibu mtoto. Anataka kesho afikirie.

Tukutane juma lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.