Glasi Ndogo Mezani

Wapo watu hapa mjini kwetu Tabora ambao wakisikia mwalimu mstaafu amekaa sebuleni na mkewe wakionja mvinyo, hucheka hadi kushika mbavu. Mmoja wao ni jirani yangu, mzee mwenzangu. Alinikuta jioni moja, chupa iko mezani, glasi mbili ndogo, na sahani ya matobolwa. Akasimama mlangoni akasema, "Mwalimu, siku hizi umekuwa Mzungu?" Nilipomwambia kuwa chupa yenyewe ni ya bei nafuu, akaongeza, "Tena Mzungu maskini!" Tulicheka sote. Lakini alipokwenda zake, kicheko kile kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Kwanza, huo Uzungu. Ndugu msomaji, neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, pamoja na meza tunayouwekea. Divai tuliletewa na mapadri Wafaransa. Ama mji huu wetu, ulikuwa njia panda ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji. Mwezi Novemba 1871, Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji, alifungua chupa ya shampeni aliyoiweka kwa ajili ya siku hiyo, wakanywa wawili kwa vikombe vya fedha. Stanley alikuwa amepitia hapa Unyanyembe miezi michache kabla. Na mizigo ya safari ile haikujibeba: ilipanda mabegani na vichwani mwa wapagazi, na kazi ya upagazi babu zetu Wanyamwezi walikuwa mabingwa wake. Basi ikiwa babu aliweza kubeba mzigo wa frasila mbili kutoka pwani, iweje mjukuu aambiwe kwamba kuonja yaliyomo ni kujikweza?

Pili, huo umaskini. Chupa iliyochekwa ilikuwa ya port, ile nyekundu changa iitwayo ruby, ambayo kijana wetu alituletea kutoka Dar es Salaam. Jina hilo kwa haki ni la mvinyo wa bonde la Douro, Ureno, ambako mipaka ya eneo lake iliwekwa mwaka 1756. Utengenezaji wake si uchawi. Maji ya zabibu yakiwa katikati ya kuchachuka, hutiwa pombe kali ya zabibu. Chachu hufa, sukari iliyokuwa haijaliwa hubaki. Ndiyo maana ni tamu, na ndiyo maana ni kali: asilimia 20 hivi, mara nne ya bia. Ile ya bei ya juu huzeeshwa miaka mingi. Yetu haikuzeeshwa sana, wala haikudai. Mama watoto aliweka ulimini, akafikiri, akasema, "Zambarau zilizoiva mno." Kisha akangoja kidogo. "Halafu tangawizi inakuja nyuma." Mimi nilikuwa sijaiona hiyo tangawizi, nikarudia, nikaiona. Kwa miaka mingi ya ndoa yetu, sikumbuki jioni nyingine tuliyokaa tukijadili ladha ya kitu kwa nusu saa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Chupa ina mililita 750. Glasi yetu ni ya mililita 50. Hizo ni glasi 15, na chupa ikifunikwa vizuri na kuwekwa pa baridi hudumu wiki mbili au zaidi. Anayenicheka humaliza fedha hiyo baa kwa jioni moja ama mbili, wala hawezi kukueleza alichokunywa kilikuwa na ladha gani. Na asiyetaka ya Ureno, ipo divai tamu ya Dodoma, inayotokana na zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka. Misafara ilikuwa ikitozwa hongo kupita Ugogo. Leo Ugogo unatupa divai, nasi tunaidharau kwa kuwa ni ya kwetu.

Lakini hoja kubwa ya jirani yangu ilikuwa nyingine, na hiyo sikuicheka. Alisema, "Utawafundisha wajukuu." Naam, nitawafundisha. Baba yangu hakunywa nyumbani hata siku moja. Alisema nyumba ni mahali pa heshima. Alikunywa kilabuni, akarudi usiku, nasi watoto tukaijua pombe kwa masikio: viatu uani, komeo, halafu sauti ya mama. Hatukupata kumwona akiacha glasi haijaisha. Hatukujua kwamba jambo hilo linawezekana. Kaka yangu aliyenifuata alikua akidhani kunywa ni kujificha na kumaliza. Gongo ilimchukua akiwa na miaka 41, na heshima ile ya nyumba haikumsaidia kitu. Viroba navyo, kabla havijapigwa marufuku nchini mwezi Machi 2017, vijana walikuwa wakivichana kwa meno na kumimina kooni mara moja. Sikumsikia mtu akiwacheka. Anayechekwa ni yule anayekunywa kidogo, taratibu, taa ikiwaka.

Sisemi kila mtu anywe. Kwa ndugu zangu Waislamu, ambao ni wengi katika mji huu, sina neno. Amri yao imewatosha, nami naiheshimu. Aliyekatazwa na daktari asinisingizie mimi. Na yule ajuaye kwamba glasi moja kwake ni mlango wa kumi, huyo asiiguse kabisa. Laiti kaka yangu angeambiwa hivyo mapema. Ninachokataa ni uongo kwamba pombe ya gizani ni uungwana na ya mezani ni utovu wa adabu.

Jioni ile, jirani alipokuwa bado mlangoni, nilinyanyua chupa nimwongezee mama watoto. Akafunika glasi yake kwa kiganja. "Inatosha," akasema. Mjukuu wetu wa kike alikuwa mkekani akiandika kazi yake ya shule. Aliinua kichwa, akatazama kile kiganja, akarudi kwenye daftari.

Jirani yangu, chupa bado ina glasi nane. Karibu. Ila usije peke yako. Njoo na shemeji.