Ngumbaru iwe jioni

Mhariri,

Kampeni ya ngumbaru ilianza 1979, lakini utafiti wa kitaifa wa 2006 ulikuta karibu watu wazima 4 kati ya 10 nchini hawajui kusoma na kuandika. Hapa Tudor, jirani yangu humpa mjukuu simu pamoja na namba ya siri ya M-Pesa amsomee salio. Na mama huyo anasoma Kurani kunishinda mimi! Kichwa anacho, wasaa ndio hana: asubuhi yuko kwenye mbaazi na mahamri. Madarasa yawekwe jioni, madrasani, watoto wakishatoka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufundi, walio papa hapa Tudor, waombwe wafundishe, na kaunti iwalipe japo nauli.

Msomaji,
Tudor, Mombasa