Picha Ikikwama

Wazazi wa Goma hutuuliza kama kompyuta kuukuu ambayo picha zake hukwama, au kuzimika ghafula, ina kilema cha kuzaliwa. Yaweza kuwa nacho. Lakini si kila kilema cha chipu za ndani hugusa picha. Mwaka 2011 kampuni ya Intel ilitangaza kosa katika chipu iunganishayo viungo vya mashine: milango minne ya diski iliweza kudhoofika polepole, wala picha haikudhurika.

Habari za Nvidia, mwaka 2008, zilikuwa nyingine. Lehemu iliyo chini ya chipu za picha ilipasuka kwa kupata moto na kupoa mara nyingi. Kioo kikaonyesha mistari, kisha giza. Kampuni iliweka kando dola milioni 150 hadi 200 kwa matengenezo. Fundi aichomaye upya huiponya kwa muda tu, na mzazi hulipa mara mbili.

Basi kabla ya kuuza mbuzi, mtoto na aangalie video nusu saa mbele ya mwuzaji, maana ubaya huu hujificha mashine ingali baridi. Mwuzaji akikataa, tusinunue. Na mashine iliyokwisha kununuliwa ifunguliwe feni kwanza: mavumbi meusi ya Nyiragongo huziba njia ya hewa, na chipu nzima isiyo na kasoro yo yote, ikipata moto, hupunguza mwendo wake yenyewe.