HAKUNA MUUAJI ASIYEJULIKANA

Ujumbe wa leo ni mrefu kidogo. Kama uko juu ya bodaboda usiusome sasa. Fika kwanza, ukae, usome kwa utulivu.

Swali limetoka kwa vijana wetu walio vyuoni Nairobi na Mombasa. Wanauliza: Pastor, je, ni dhambi kucheza ile michezo ya vita ya mezani yenye muuaji aliyefichwa? Kabla sijafungua kinywa, wazazi wameshanijibia kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja amesema vifaa vyote vichomwe moto. Mwingine amesema ni mchezo tu, watoto waachwe. Nawaambia wote wawili kwa upendo: mmejibu kabla ya kutazama. Njooni tutazame.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kuna mmoja maarufu unaoitwa Warhammer, uliotolewa Uingereza na kampuni ya Games Workshop mwaka 1983. Watu wawili wanapanga mezani majeshi ya vinyago vidogo walivyovipaka rangi kwa mkono. Wanapima hatua kwa rula, wanarusha dadu, wanapigana. Baadhi ya majeshi hayo yamekuwa na muuaji wa siri. Mwanzoni kinyago chake hakiwekwi mezani. Mwenye jeshi anaandika kwenye karatasi kikosi alichomficha, kisha anakaa kimya. Adui anatazama, anaona safu ya askari wa kawaida tu. Vita vikikaribiana, mwenye jeshi anatangaza, muuaji anatokea mstari wa mbele, na jemadari wa upande wa pili anaanguka.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma. Muuaji huyu amefichwa kwenye kikosi cha nani?

Amefichwa kwenye kikosi cha nyumbani kwake. Amesimama bega kwa bega na askari wa upande wake. Adui ndiye asiyejua. Mwenye jeshi anajua tangu mwanzo, na jina liko kwenye karatasi mfukoni mwake.

Chukua na ule mchezo mwingine ambao vijana huucheza kambini bila vinyago wala dadu, unaoitwa Mafia. Uliundwa mwaka 1986 na mwanafunzi wa saikolojia huko Moscow, Dimitry Davidoff. Msingi wake ni wachache wanaojua kushindana na wengi wasiojua. Usiku unatangazwa, kila mtu anafumba macho. Kisha wauaji peke yao wanafumbua, wanatazamana, wanachagua wa kufa. Kukicha wanakaa kwenye duara pamoja na wengine, wanauliza kwa uchungu: jamani, nani amefanya hivi?

Mpendwa, hapo ndipo mimi nilipoacha kufikiria mchezo nikaanza kufikiria kwetu.

Sisi ni watu wa delta ya Tana. Mwaka 2012 tuliona mambo ambayo hakuna mchezo uliyoyaandika. Tarehe 22 Agosti, kijiji cha Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa, wengi wao akina mama na watoto. Tarehe 10 Septemba, alfajiri, Kilelengwani, watu 38 waliuawa, na 9 kati yao walikuwa maafisa wa polisi. Nyumba zilichomwa. Amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Na bado tarehe 21 Desemba, Kipao, wengine zaidi ya 30 waliuawa.

Sitaandika hapa ni kabila gani lilianza na lipi lilijibu. Anayetaka hesabu hiyo anaitaka ili apate ruhusa ya kuendelea. Wafu wa mkulima na wafu wa mfugaji wote wamelala kwenye udongo mmoja, na mto uliowafanya wagombane bado unapita.

Ninachotaka kupigana nacho leo ni neno moja. Neno lenyewe ni WASIOJULIKANA.

Unalijua. Kila damu inapomwagika tunalisikia redioni, kwenye baraza la chifu, na hata madhabahuni tunapoombea wafiwa. Watu wasiojulikana wamevamia. Watu wasiojulikana wamechoma. Watu wasiojulikana wametoroka kwenda kusikojulikana. Tumelizoea mpaka linatoka mdomoni kama salamu.

Nasema mbele za Mungu: neno hilo ni uongo.

Mamia ya watu hawaamki alfajiri wakajikuta pamoja kwa bahati. Mtu aliwaita. Mtu aliwaambia wakutane wapi. Panga lilinolewa, na kelele ya panga kwenye jiwe husikika nyumba ya tatu. Kuna mama aliyepika ugali usiku ule kwa kijana asiyeeleza anakokwenda. Kuna mke aliyefua shati kesho yake na akaona maji yamegeuka rangi. Kuna mzee aliyeambiwa, "Baba, wiki hii usilale upande ule." Kila muuaji anakwenda nyumbani. Kila muuaji ana mtu anayemjua kwa jina la utotoni.

Basi asitudanganye mtu. Muuaji hakufichwa na giza. Alifichwa na kikosi.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi ikiongozwa na Jaji Grace Nzioka. Vizuri. Lakini tume ina masikio tu. Midomo ni yetu. Kama karatasi yenye jina iko mfukoni mwako na umeamua kufa nayo, jaji atasoma nini?

Fungua Biblia yako, Yeremia sura ya 40 na 41. Usiruke. Utamkuta Gedalia, gavana aliyekaa Mispa baada ya Yerusalemu kuanguka. Utamkuta Ishmaeli mwana wa Nethania, mtu wa ukoo wa kifalme, si mgeni. Anakuja na watu kumi, wanakula chakula pamoja na Gedalia, kisha wanasimama na kumuua pale pale mezani. Siku iliyofuata wanafika watu themanini na sadaka zao, hawajui kilichotokea. Ishmaeli anatoka kuwalaki, na unajua anatoka vipi? ANALIA. Machozi yanamtiririka njia nzima. Wakaingia mjini wakimfuata mwombolezaji, akawaua sabini, akawatupa shimoni.

Mpendwa, si kila anayelia msibani ni mfiwa.

Sasa tazama mambo matatu katika habari hiyo.

La kwanza, watu walijua. Yohanani mwana wa Karea alimwendea Gedalia mapema akamwambia mpango wote. La pili, kulikuwa na aliyemtuma. Yohanani alimtaja: Baalisi, mfalme wa Waamoni, aliyekuwa amekaa mbali kwenye kiti chake huku mikono ya wengine ikichafuka. Hata leo anayechoma kijiji si lazima ndiye aliyenunua petroli. Uchaguzi unapokaribia, waangalie wanaokuja na bahasha na maneno ya kuwasha. Umwagaji damu wa 2012 ulitukuta tukielekea uchaguzi wa Machi 2013. Wengine walisema ni maji na malisho, wengine walisema ni siasa. Mimi nasema maji na malisho vilikuwapo miaka mingi kabla ya bahasha.

La tatu ndilo linaloumiza. Yohanani aliomba ruhusa aende amuue Ishmaeli kwa siri, mtu yeyote asijue. Gedalia alikataa. Watu humcheka Gedalia kwamba alikuwa mjinga. Alikosa kwa kutokusikia onyo, ni kweli. Lakini katika kukataa kuua kwa siri hakukosa. Dawa ya muuaji wa siri haikuwa muuaji mwingine wa siri. Dawa ilikuwa jambo litolewe nje, lisikiwe na watu, lishughulikiwe mchana. Sisi tulichagua njia aliyoiomba Yohanani. Riketa, Kilelengwani, Kipao. Hesabu miezi: ilikuwa minne tu.

Najua kuna atakayeniandikia hapo chini: "Pastor, na Ehudi je? Waamuzi 3, si alificha upanga pajani akamuua Egloni mfalme wa Moabu?" Ndiyo, ndugu yangu, nimesoma. Ehudi aliinuliwa kuwa mwamuzi baada ya Israeli kuonewa miaka kumi na minane na mfalme mwenye jeshi. Na alipomaliza alikwenda milima ya Efraimu akapiga tarumbeta, kila mtu akajua ni yeye. Wewe unayemtaja Ehudi kutetea waliovamia watoto wakiwa usingizini, nionyeshe tarumbeta yao. Nani alisimama akasema, "Ni mimi"? Usivalishe woga joho la mwamuzi.

Sasa nenda Matendo ya Mitume 23. Watu zaidi ya arobaini wamejiapiza hawatakula wala kunywa mpaka wamuue Paulo. Mpango umepangwa, njia imechaguliwa. Nani aliuvunja? Hakuwa malaika. Alikuwa kijana, mwana wa dada yake Paulo, ambaye hata jina lake hatupewi. Alisikia habari za shambulio, akaenda ngomeni, akasema.

Tafakari jambo hilo, kijana unayenisoma. Wale arobaini hawakuwa watu wa kabila jingine. Walikuwa watu wa kwao, taifa lake, dini yake. Na aliyekwenda kumwambia alikuwa afisa wa Kirumi, serikali ya wageni isiyopendwa. Leo angeitwa msaliti. Angeambiwa amewauza ndugu zake. Lakini usiku ule, saa tatu, askari mia mbili, wapanda farasi sabini na wenye mikuki mia mbili walimtoa Paulo mjini akiwa hai. Nyaraka kadhaa unazozisoma kila Jumapili ziliandikwa baada ya usiku huo. Kinywa cha kijana mmoja!

Na mtazame yule jemadari. Alimshika kijana mkono, akamvuta faraghani, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwagiza asimwambie mtu kwamba amempa habari hizo. Chifu, naibu wa chifu, afisa wa kituo, mzee wa kijiji, na sisi wachungaji: hilo ni somo letu. Najua kwa nini watu wetu wananyamaza. Wananyamaza kwa sababu alichosema mtu ofisini asubuhi kinasikika sokoni jioni. Kama huwezi kumficha anayesema kweli, usimlaumu anayekaa kimya. Unaruhusu muuaji afichwe na kijiji kizima, na shahidi wewe unamwanika?

Kwa hiyo nimerudi kwenye swali la vijana, na nitajibu waziwazi.

Mzazi unayetaka kuchoma vinyago: plastiki hiyo haijaua mtu Kilelengwani. Kama kuna moto moyoni mwako, uelekeze kwa panga lililoko darini kwa shemeji yako na unalijua. Na wewe unayesema ni mchezo tu: usimfundishe mtoto kwamba utamu wa maisha ni kumpiga mtu asiyekutarajia. Nilisikia kijana akisifu "akili" ya mtu halisi aliyewahi kuwazunguka wenzake hivyo, na hilo halikuwa mchezo tena. Cheza, ukimaliza rudisha vinyago kwenye sanduku. Usirudi nyumbani na karatasi ya siri mfukoni.

Nami nawaachia vijana swali la kujadili Jumamosi kwenye ushirika: kwenye meza yenu, kuna sheria inayomruhusu askari wa kawaida wa kikosi kile ageuke na kusema, "Muuaji yuko hapa kando yangu"? Haipo. Kinyago hakina mdomo. Wewe unao.

Kama unalo jambo unalolijua, la mwaka 2012 au la wiki hii, usiliandike kwenye maoni hapo chini. Mtafute mtu mmoja mwenye mamlaka unayemwamini. Nenda mchana, nenda na mtu mzima, sema ulichokiona na usiongeze ulichokisikia. Na kama jina utakalolitaja ni la mtoto wako, mama yangu, najua ninakuomba nini. Bado ninakuomba.

TUOMBE: Baba, katika jina la Yesu, tuondolee roho ya woga. Wafariji wa Riketa, wa Kilelengwani na wa Kipao, wa kila lugha na kila dini. Wanaoficha damu, usiwape usingizi mpaka watubu. Wanaosema kweli, wafunike kwa mkono wako. Mvua ikinyesha na mto ukifurika, utukute tukilima na kuchunga kwa amani. Amina.

Kama umekubaliana nami andika AMINA, kisha mtumie ujumbe huu mtu mmoja wa kabila lisilo lako.

Mchungaji wako, akupendaye katika Bwana.