Shimo la Changarawe si Jalala

Wako wasomi, na baadhi yao ni walimu, wasemao kwamba kutazama ndege ni kazi ya mgeni mwenye darubini na likizo ndefu, na kwamba kijana wa Wanging'ombe aonekanaye amechutama kando ya dimbwi akihesabu yangeyange amekosa shughuli. Neno hili limesemwa mara nyingi hata likafanana na hekima. Mimi nalikataa.

Barabara zitokazo Makambako kwenda Njombe na Mbeya hazikujengwa kwa hewa. Changarawe na kifusi vilichimbwa ardhini, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo ilidai fungu lake la mawe na udongo. Mchimbaji akiisha kwenda zake, shimo hubaki. Mvua hulijaza, matete humea, vyura huja, na nyuma ya vyura huja korongo, fundichuma, mdiria na bata, pasipo kualikwa na mtu. Nasi twaliita shimo hilo mahali pasipo na kazi. Na kwa kuwa tumeliita hivyo, twalitupia takataka, au twalizungushia mikaratusi hata likauke, kisha twajisifu ati tumeliendeleza.

Yamkini mtu atajibu kwamba ndege wana hifadhi zao. Zipo: Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na Usangu pamoja na bwawa la Ihefu ikatiwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008. Lakini ndege hasomi tangazo la serikali. Mtazame mbayuwayu wa buluu azaaye katika nyanda hizi za juu. Kiota chake hukijenga ndani ya mashimo ya ardhi, hasa yaliyochimbwa na muhanga, na huko kusini mwa Afrika hata katika mashimo ya kale ya wachimba dhahabu. Atakacho ni nyasi wazi na ardhi yenye majimaji. Msimu wake ukiisha huruka mpaka pande za Uganda. Arudipo akakuta misonobari juu ya nyasi zake, mpaka wa hifadhi iliyo mbali utamfaa nini?

Na jambo hili si la ndege peke yao. Ruaha Mkuu, mto ulioanza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, hulishwa na mito ishukayo kutoka milima hii, Mbarali ukiwa mmojawapo. Likitajwa hilo, wengi hunyosha kidole kwa mkulima wa vinyungu. Naiona dhuluma hapo. Mkulima huyo hushika jembe bondeni kiangazi apate mboga na mahindi mabichi ya watoto wake. Aliyejaza bonde mikaratusi ataka nguzo na mbao za kuuza, na mti wake hunywa mwaka mzima. Sheria ya Mazingira ya 2004 huilinda nafasi ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kipimo ni kimoja. Naomba kamba ipitishwe mbele ya mkaratusi kwa ukali ule ule upitishwao mbele ya jembe.

Lipo na deni la lugha, ambalo wasomaji wa kurasa hizi hawawezi kumtwika mtu mwingine. Yuko ndege mmoja mdogo wa nyasini ambaye wataalamu wa dunia humwita Cisticola njombe, kwa jina la mji wetu, tangu miaka ya 1930. Ajulikana London kwa jina la Njombe, na Njombe kwenyewe wengi wa wanafunzi wampita bila kumtambua. Kamusi zetu hazitusaidii sana, maana ndege wengi wameagwa humo kwa maneno machache tu, kwamba ni ndege wa aina fulani. Wazee wa Kibena wanayo majina ya ndege wa mabondeni, na sauti zao, na miezi yao ya kuja. Mwanafunzi achukue daftari, aende shimoni pamoja na mzee, aandike, kabla magari ya kifusi hayajarudi kulifukia.