Mama akikohoa, mtoto anyonye?



Mwaka 2021 mama mmoja wa hapa Kerende alishikwa na homa na kikohozi, naye alikuwa na mtoto wa wiki tatu. Mama mkwe wake akamwambia, "Mwanangu, hiyo ni korona. Utamwua mtoto kwa maziwa yako." Mtoto akaachishwa ziwa, akapewa maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji. Siku ya tatu aliletwa kwetu akiharisha, macho yameingia ndani. Tunamshukuru Mungu, alipona. Lakini kilichokaribia kumwondoa ni kuhara, si kikohozi cha mama yake.

Bibi yule hakuwa na nia mbaya. Alikumbuka miaka ile ambapo baadhi ya mama wenye VVU walishauriwa wasinyonyeshe. Siku hizi hata wao hunyonyesha huku wakimeza dawa. Na korona ni ugonjwa mwingine kabisa. Huenea kwa pumzi na matone ya mate. Mtoto kuambukizwa akiwa tumboni hutokea mara chache. Wengi huambukizwa baada ya kuzaliwa, na anayewaambukiza huenda akawa shangazi aliyekuja kumpongeza mzazi. Ndiyo maana tangu 2020 Shirika la Afya Duniani limeshauri mama mwenye korona aendelee kunyonyesha. Maziwa yake yana kinga.

Wengi hutuuliza, mtoto mchanga hupimwaje? Kijiti chenye pamba huingizwa puani ili kutafuta kirusi chenyewe. Kipimo cha kutafuta kinga katika damu hakitoshi, kwa sababu kinga ya mama humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma. Damu yake yaweza kuonyesha kinga na mwenyewe hana ugonjwa. Mnalijua hili kliniki: mtoto wa mama mwenye VVU hutolewa matone ya damu kisiginoni ili kutafuta kirusi, si kinga.

Basi mama ukikohoa, fanya hivi:

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Funika pua na mdomo kwa barakoa unaponyonyesha. Fungua dirisha. Wageni wanaokohoa wasubiri nje, hata kama ni wakwe. Ukizidiwa, kamua maziwa, mwenzako amnyweshe mtoto kwa kikombe safi.

Mtoto wa chini ya miezi miwili akikataa kunyonya, akipata homa, mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, au akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja nzima, usingoje kesho. Mkimbize kituo cha afya, na njiani endelea kumpa ziwa kama anaweza kunyonya.

Hali ya dharura ya korona duniani ilitangazwa kwisha Mei 2023, lakini kirusi bado kipo. Mama wakwe, tunawasihi: mkiona mkaza mwana anakohoa, mleteeni maji na sabuni. Mtoto mwachieni ziwa lake.