Karatasi aliyopewa Oprah



Juma hili tunazungumza juu ya Oprah Winfrey, yule Mmarekani mweusi ambaye kipindi chake cha televisheni kilidumu miaka 25, tangu 1986 mpaka 2011. Utajiri wake unajulikana. Mwanzo wake katika redio ya mji haujulikani sana.

Alizaliwa mwaka 1954 huko Mississippi, kwa mama kijana asiyeolewa. Bibi yake ndiye aliyemfundisha kusoma kabla ya shule, na kanisani mtoto akawa anakariri maandiko mbele ya wakubwa. Baadaye alinajisiwa na watu wa jamaa. Akiwa na miaka 14 alizaa mtoto, naye akafa. Msichana wa namna hiyo, hapa kwetu, mara nyingi tunamhesabu kama amekwisha.

Baba yake, kinyozi wa mjini Nashville, alimpokea. Yeye na mke wake walikuwa wakali: sherti asome vitabu vya maktaba, kisha aandike alichoelewa. (Sisi walimu tunampenda sana baba huyo.)

Mwaka 1971 alishinda shindano la wasichana. Alipoenda kuchukua zawadi kwenye redio WVOL, walimpa karatasi ya habari aisome mbele ya mikro, kujaribu tu. Mtangazaji John Heidelberg alipendezwa na sauti hiyo, akawasemea wakubwa. Akaajiriwa kusoma habari, naye bado ni mwanafunzi wa sekondari.

Karatasi ile ilimkuta amekwisha kuzoea kusoma kwa sauti. Katika madarasa yetu hapa Kibati, wasichana wengi wanasoma wakiziba mdomo kwa mkono. Tukiwauliza, wanajibu kwamba nyumbani wanaambiwa binti mwenye adabu hapazi sauti.

Tunajua pia woga wa mama si upuuzi. Caddy Adzuba wa Bukavu alisema katika Redio Okapi juu ya mateso ya wanawake, akatishiwa kuuawa. Hakunyamaza, na mwaka 2014 Hispania ikamheshimu kwa Tuzo ya Mwana wa Mfalme wa Asturias.

Ukurasa huu mpeni binti yenu jioni hii awasomee kwa sauti, ninyi mkichambua sombe. Akikosea neno, mwacheni kwanza amalize sentensi.